Walima Zabibu na Wana Jangwani: Kalamu Yetu Iko Timu Gani?

Ukitaka kuujua mji wa Dodoma usianzie Bungeni. Nenda Uwanja wa Jamhuri siku Simba inapokuja kucheza na Dodoma Jiji. Saa sita mchana foleni imeshakuwa nyekundu tupu. Vijana wa Chang'ombe, wa Makole, wa Nkuhungu, wa Area C, wote wekundu. Timu mwenyeji inaingia uwanjani na kupigiwa makofi ya adabu, kama mgeni wa harusini ambaye hakuna anayekumbuka kamwalika nani. Halafu anaingia Mnyama, na uwanja unapasuka. Kwenye kona moja utawaona watu wanaoishangilia Dodoma Jiji mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Wachunguze vizuri: chini ya shati kuna jezi ya kijani. Ni Wanayanga hao. Siku hiyo kila Mwanayanga ni Mgogo wa kuzaliwa. Yanga ikija, mambo yanageuka, Wagogo wa siku hiyo wanatoka Msimbazi.

Mara ya kwanza nilipoliona hili nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nami nilikuwa na shati la aina hiyo. Mimi ni mnazi wa Yanga tangu shule ya msingi, na kijiweni huwa natamba kwamba Dodoma Jiji ni timu yangu ya pili, timu ya nyumbani. Lakini timu unayoipenda siku inapocheza na adui yako tu, hiyo unaipenda kweli au unaitumia kama rungu?

Swali hili silileti kwenye ukurasa wa uhakiki ili tujadili mpira. Nalileta kwa sababu naona ugonjwa huohuo kwenye maandishi yetu sisi chipukizi. Matini ninayotaka kuihakiki ni lugha ya kandanda yenyewe: majina ya utani, matangazo ya redio, na hizi hadithi tunazosomeana kwenye vikao vyetu Jumamosi.

Tuanze na majina. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na Simba yenyewe iliitwa Sunderland mpaka 1971. Mashabiki wa Yanga hujiita Wana Jangwani. Wa Simba ni Wekundu wa Msimbazi. Jangwani na Msimbazi ni mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, makao ya vilabu hivyo. Yaani kijana wa Kondoa au Mpwapwa anajitambulisha kwa jina la mtaa ambao pengine hajawahi kuukanyaga. Kifasihi, hiyo ni tamathali iliyong'olewa mahali pake. Imesafiri kilomita zaidi ya mia nne na hamsini mpaka hapa, na njiani imepoteza vumbi lake. Kwa mtu wa Kariakoo, Msimbazi ni mtaa wenye maduka, kelele na mama ntilie. Kwetu sisi ni neno linalong'aa tu.

Sasa sikiliza majina ya mikoani. Mtibwa Sugar ni Wakata Miwa. Mbeya City ni Wagonga Nyundo. Coastal Union ya Tanga ni Wagosi wa Kaya. Prisons ni Wajelajela. Na Dodoma Jiji ni Walima Zabibu. Hebu angalia fani ya majina haya: karibu yote yanataja kazi, au yanataja watu kwa namna wanavyoitana kwao. Ukisema Wakata Miwa, unaliona panga. Ukisema Walima Zabibu, mtu aliyewahi kufika Hombolo au Mpunguzi anaiona mizabibu imetambaa juu ya nguzo, ardhi nyekundu chini yake, na mkulima anayevuna mara mbili kwa mwaka huku akihesabu mnunuzi atafika lini kabla mzigo haujaoza. Jina lina jasho ndani yake. Huo ndio usanii, jamani, na haukutungwa na mshairi wa chuo kikuu. Umetungwa na watangazaji, waandishi wa magazeti na watu wa vijiweni.

Basi tunajiuliza: kwa nini sisi tunaojiita waandishi tunayaacha majina haya? Nimesikiliza hadithi nyingi za wenzangu zenye mpira ndani yake, na za kwangu mwenyewe naziweka humohumo. Karibu zote mechi ni Simba na Yanga. Uwanja ni wa Taifa. Mhusika mkuu anakaa Manzese au Sinza, hata kama mwandishi anakaa Ipagala. Baba anapata shinikizo la damu kwa sababu ya bao la dakika za mwisho, mama anakasirika, jirani anatania. Ukiziweka hadithi kumi pamoja huwezi kujua ipi ya nani.

Chanzo kimojawapo ni redio, na hapa tusiilaumu bure. Kwa miaka mingi RTD ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya taifa, mpaka vituo vya binafsi vilipoanza kuota katika miaka ya 1990. Mtangazaji wa mpira alikuwa mwandishi mkubwa kuliko wote nchini, kwani alijenga uwanja mzima ndani ya sikio la mtu aliyekaa Bahi gizani na betri zinazokaribia kwisha. Aliyemsikia hakuhitaji picha. Mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0, watu wengi wa bara waliipata habari hiyo kwa maneno tu, na mpaka leo wanaisimulia utadhani walikuwepo. Hata Novemba 2023 Yanga ilipolipiza kwa 5-1, kumbukumbu ya zile 6 haikufutika. Hayo ni masimulizi yenye nguvu. Yametupa lugha moja: Mgogo, Mhaya na Mmakonde wanakaa kijiwe kimoja na kutaniana bila kuuliza kabila. Mtu akiniambia niitupe Yanga ili niwe Mwanadodoma wa kweli, nitamwambia anipishe.

Lakini simulizi lenye nguvu namna hiyo huwafanya wahusika wake kuwa bapa. Mnazi wa Simba na mnazi wa Yanga katika hadithi zetu ni wahusika bapa: mmoja anacheka, mwingine analia, wiki ijayo wanabadilishana. Hawana siri. Mtu mwenye timu mbili, hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa ya kifasihi. Mweke mtu huyo Jamhuri siku Dodoma Jiji inacheza na klabu yake kubwa. Timu ya nyumbani inahitaji pointi 1 isishuke daraja. Klabu yake inahitaji 3 iwe bingwa. Dakika ya themanini ni 0-0. Anaomba nini kimoyomoyo? Akifungwa Walima Zabibu, uso wake unaonyesha nini, na nani anamwona? Migongano ya nafsi tuliyofundishwa kidato cha tatu imekaa pale jukwaani inakula karanga, nasi tunaikimbilia Kariakoo.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema hizi timu za nyumbani zenyewe si za nyumbani. Dodoma Jiji ni ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, wachezaji wake wanatoka kila pembe. Na nenda jirani zetu Singida ukaone. Singida United ilipanda 2017, ikashuka 2020. Mwaka 2022 timu iliyokuwa ikiitwa DTB ikawa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 neno Singida likaondolewa kwenye jina na timu ikahama. Papo hapo Ihefu, timu ya Mbarali kule Mbeya, ikaletwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mtu wa Mbarali alilala ana timu, akaamka hana. Mtu wa Singida aliyetaka kuwa mwaminifu ametakiwa kubadilisha jezi kama anayebadilisha laini ya simu. Unamwambiaje huyo apende timu ya kwao?

Hoja hiyo naikubali nusu. Ni kweli kwamba mapenzi ya Yanga unayarithi, lakini ya timu ya nyumbani inabidi uyajenge, na yanaweza kuuzwa huku unaangalia. Ila tazama jambo moja. Majina ya vilabu vya Singida yamebadilika, wenye mali wamebadilika, lakini utani wa Walima Alizeti umeendelea kubandikwa kwa timu yoyote inayosimama pale. Alizeti imebaki. Yaani maneno yamekuwa na uaminifu kuliko mikataba. Hapo mwandishi anapata somo: mahali panaweza kunyang'anywa timu, lakini ni vigumu kupanyang'anya jina walilolitunga watu.

Na Dodoma yenyewe ni mji wa namna hiyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilikuja kuhamia kwa kishindo baada ya 2016, na jiji likatangazwa 2018. Nusu ya watu ninaokaa nao jukwaani hawakuzaliwa hapa. Karani aliyehamishwa kutoka Dar na mama wa Chigogo anayeuza ubuyu pale getini wanaijenga timu hii wakati mmoja, na hakuna aliyemtangulia mwenzake sana. Klabu ambayo bado haina masimulizi ni ukurasa mweupe. Mwandishi gani chipukizi anaukimbia ukurasa mweupe?

Nisisahau kwamba mikoa imeshawahi kuandika kurasa zake. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa 1986, Coastal Union ikafuata 1988, Mtibwa ikachukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tukuyu! Mji mdogo wa mvua, ndizi na baridi, ukawafunika wakubwa wa Kariakoo. Hilo si tukio la takwimu tu, ni riwaya nzima. Mimi binafsi sijawahi kuisoma riwaya hiyo. Kizazi kilichoiona kinazeeka, na wazee hawasubiri.

Kilichonisukuma kuandika haya ni jambo la Februari 2025. Dodoma Jiji walikuwa wanarudi kutoka Ruangwa walikocheza na Namungo. Basi lao likapata ajali mkoani Lindi, wachezaji na viongozi wakaumia. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Simba, ikaahirishwa. Habari ilitukuta kijiweni. Mtu wa kwanza kufungua mdomo aliuliza:

"Sasa mechi ya Simba itakuwaje?"

Mtu huyo nilikuwa mimi. Yanga na Simba walikuwa wanakimbizana kileleni, kwa hiyo akili ilikwenda kwenye msimamo wa ligi kabla haijaenda kwa watu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona viatu pembeni, ambaye sijawahi kumsikia akizungumzia mpira, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, wewe si ulisema hao ni wa kwenu?" Akaendelea na sindano yake.

Hakuna mhakiki aliyewahi kunihakiki vile. Ndipo nilipoelewa kwamba lugha niliyokuwa naitumia haikuwa na mahali pa kuwaweka wale vijana waliokuwa ndani ya basi. Ilikuwa na nafasi ya vilabu viwili tu, wengine wote ni vizingiti njiani. Na kama lugha yangu ya mpira iko hivyo, hadithi zangu zitakuwa na nafasi ya nani? Muuza ubuyu wa Makole atakaa wapi ndani yake? Kijana anayesafiri usiku kucha kwenda Ruangwa kucheza mbele ya watu wachache, mshahara wake mdogo, mama yake hamwoni kwenye televisheni mpaka siku anayocheza na mkubwa, huyo ni mhusika wa nani?

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Msiache kushangilia klabu zenu kubwa. Lakini mwaka huu kila mmoja wetu aende Jamhuri mara tatu, na iwe siku ambayo Dodoma Jiji inacheza na timu isiyo Simba wala Yanga. Siku za Jumatano, saa kumi jioni, upepo wa hapa unapeperusha mifuko ya nailoni mpaka kwenye lango, na jukwaa la mzunguko lina watu unaoweza kuwahesabu. Sikiliza wanavyomwita beki wa kulia. Sikiliza matusi yao na dua zao. Andika walivyosema wao, usiandike ulivyosikia redioni.

Halafu njoo na karatasi zako Jumamosi. Mimi nitakuwa na za kwangu. Nimeanza na yule fundi viatu, lakini bado sijajua yeye ni timu gani, na naona aibu kumuuliza.