Kicheko na Muuaji: Hadithi za Bwana Msa Zisomwapo Sirisia

Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla zimezoea kupimwa kwa mizani ya Sherlock Holmes: kiko cha Bwana Msa hulinganishwa na kiko cha Holmes, na Najum hulinganishwa na Watson. Ulinganisho huo una haki yake. Hata hivyo, haujibu swali moja: kwa nini hadithi za mauaji zijae kicheko kiasi hicho? Makala haya yanadai kuwa kicheko ndicho chombo cha upelelezi wenyewe, na kwamba uzito wake hudhihirika zaidi hadithi hizo zisomwapo mbali na Unguja, katika mazingira kama ya Sirisia, Bungoma.

Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa 1960, ni riwaya ya vifaa vichache. Haina ndege, majasusi wala milio ya bastola ya namna iliyokuja kutawala Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba. Ina maiti ya Bwana Ali penye mzimu, na ina watu wanaozungumza. Wapo wanaoshuku mizimu. Najum hukurupukia majibu. Bwana Msa humtania, huuliza maswali yanayoelekea kuwa ya upuuzi, kisha huvuta kiko chake. Msomaji achekapo, huacha kuogopa. Na aachapo kuogopa, huanza kuuliza ni nani aliyenufaika. Kisima cha Giningi (1968) nayo huchezea hofu iyo hiyo, kwa kuwa Giningi ni makao ya wachawi katika masimulizi ya Waswahili.

Hofu hiyo haiko pwani peke yake. Miongoni mwa Wabukusu wa Sirisia, chini ya Mlima Elgon, maziko ya mzee mheshimiwa hufuatwa na khuswala kumuse. Halaiki huketi, nafasi ikaachwa katikati. Omuswali, fimbo mkononi, hutembea humo akihutubu. Husimulia nasaba na historia, hufariji, huonya, na aghalabu huchekesha. Moja ya kazi zake ni kutuliza shuku: kuwazuia wafiwa wasimnyoshee jirani kidole kwa sababu tu kifo kimetokea. Anayeijua hadhara hiyo hatauona utani wa Bwana Msa kuwa utovu wa heshima kwa marehemu. Atatambua kwamba maneno yenye ucheshi, yakisemwa na mtu mwenye busara, yanaweza kumwokoa asiye na hatia.

Hapo ndipo pia upungufu wa Abdulla unapojitokeza. Omuswali huwarejesha wasikilizaji kwenye ukoo mzima: nani ana deni, nani apatanishwe, waliobaki waishi vipi. Bwana Msa humpata muuaji, na fumbo likishafumbuka kazi yake imekwisha. Bwana Ali ni tajiri mwenye mali, katika Unguja iliyokuwa imebakiza miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1964. Lakini riwaya haiulizi mali hiyo ilitokana na jasho la nani. Kicheko kinachoweza kuivua mizimu nguo hakithubutu kumgusa mwenye shamba.

Upungufu huo hauhalalishi kuzitupa kazi hizi katika kapu la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa na wengi ni ila. Kichwa cha Kosa la Bwana Msa (1984) chenyewe chakiri kwamba hata mpelelezi hodari hukosea, na kukiri huko ni somo kwa kila jamii iliyo nyepesi kuhukumu. Kifo kikitokea na minong'ono ikaanza, mwenye kuuliza ushahidi uko wapi huonekana mpuuzi. Abdulla alimfanya mpuuzi huyo kuwa shujaa, na hilo peke yake lamtosha kusomwa kwa makini, Sirisia kama Unguja.