Neno "Settlement" na Nchi ya Buha

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri wa Kiswahili, neno "settlement" lastahili kuangaliwa kwa makini. Katika biashara ni ulipaji wa deni. Mahakamani ni suluhu au mapatano. Katika habari za maji ni kutuama kwa taka. Katika habari za watu ni makazi, kijiji au ulowezi. Kamusi za lugha mbili huyapanga maneno ya namna hii kwa safu, na mfasiri huachiwa kuchagua. Kuchagua kati ya deni na suluhu si kazi, kwa kuwa maneno ya jirani huamua. Ugumu u katika maana ya watu, ambayo yadhaniwa kuwa moja tu.

Ushahidi wapatikana katika nchi ya Buha, Kibondo na Kasulu. Waha wa zamani walikaa kwa kutawanyika, kila mji penye mashamba yake. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Tanganyika iliwakusanya wengi wao mahali pamoja, ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Mwaka huo huo Warundi walikimbia mauaji ya kwao, na wengi hatimaye wakapewa ardhi ya kulima huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa Kiingereza miji ile ya asili, na mikusanyo hii mitatu iliyofuata, yote huweza kuitwa kwa jina hilo moja.

Mfasiri afuataye jina huandika "makazi" mahali pote, wala hawezi kushtakiwa kwa kosa la sarufi. Lakini makazi hutokana na kukaa, na kukaa hakusemi ni nani aliyemleta mkaaji. Kwa msomaji wa Kumsenga, wilayani Kibondo, tofauti hiyo si jambo dogo. Kiswahili kina njia ya kuionyesha, nayo imo katika vitenzi: mtu huhamia, huhamishwa, hukusanywa, hukimbilia, hulowea. Aliyehamia alikuwa na shauri lake. Aliyehamishwa aliacha shamba, na pengine makaburi ya wazee wake. Herufi chache za mnyambuliko zabeba habari ambayo jina la Kiingereza laificha.

Hata katika majina lugha haikosi uangalifu. Ulyankulu huitwa makazi, bali Nyarugusu ya mwaka 1996, na Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015, huitwa kambi. Penye makazi mkimbizi alipewa jembe na ardhi. Penye kambi hutegemea posho. Mwandishi achanganyaye maneno haya mawili hubadili hali ya watu kwa kalamu.

Basi yampasa mtunga kamusi asitosheke na safu ya majina. Chini ya neno la namna hii yafaa aweke vitenzi pamoja na sentensi za mfano, ili mfasiri alazimike kuuliza kwanza ni nani aliyehama, na kwa amri ya nani. Asipouliza, tafsiri yake itakuwa sahihi kwa kamusi, na ya uongo kwa wenyeji.