Wimbo na Maongezi katika Jioni za Ufipa

Mpui, kijiji kilicho kando ya njia itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, kimo katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako baridi ya usiku huwakusanya watu motoni. Hapo ngano haisemwi na mtu mmoja mbele ya watu walionyamaza. Mtambaji huanza, na waliokaa naye humjibu, humdakiza, humtania; na ufikapo wimbo, yeye huuanzisha nao huupokea. Mtambaji basi ni mwigizaji, mwimbaji na mzungumzaji kwa wakati mmoja. Katika sifa hizo tatu, wataalamu wamehifadhi ipi?

Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa tangu 1962 hadi 1964, alitoa mwaka 1978 kitabu kiitwacho There Was a Certain Man. Sifa yake kubwa ni kuzihesabu ngano za Wafipa kuwa sanaa ya kusemwa, wala si mabaki ya mila tu. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na ukurasa hauimbi. Msomaji hupata kisa. Sauti iliyokibeba kisa haipati.

Yaweza kudhaniwa kuwa chombo cha kunasa sauti huiondoa kasoro hiyo. Mfano wa Unguja wakataa. Nyumbani kwa Siti binti Saad (1880–1950) watu walikutana jioni kwa maongezi na nyimbo, na habari za mtaa na za mahakama zikageuka tungo. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi. Sauti ikahifadhiwa; maongezi yaliyouzaa wimbo yakabaki nje. Kitabu hupoteza sauti, na santuri hupoteza mazungumzo.

Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), alijaribu njia ya tatu: kumrudisha mtambaji jukwaani. Jaribio hilo ni la heshima. Hata hivyo, maneno ya mtambaji huyo yamekwisha kuandikwa kabla hadhira haijafika, ilhali motoni jibu la msikilizaji laweza kuugeuza mwendo wa kisa.

Kwa mwanaisimu hasara hii si ndogo. Lugha nyingi za Kibantu za bara zina toni, na Kiswahili hakina. Wimbo ukifasiriwa, uhusiano wa neno na lahani hukatika. Tena katika ngano nyingi za Afrika kisa hubadili lugha upesi, na wimbo huchelewa. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, watoto wa bara wamekua na lugha mbili. Mahali mtambaji aachapo Kiswahili na kuingia Kifipa ni ushahidi ambao kamusi haiwezi kuutoa.

Yafaa basi anayekwenda Mpui kuandika ngano asifute vicheko, maswali wala makosa, wala asimwombe mtambaji aimbe peke yake ili sauti iwe safi. Usafi huo ndio uharibifu. “Paukwa” isiyojibiwa “Pakawa” si hadithi bado.