Kazi ya Uzi Haina Mwamuzi: Uhakiki wa vitambaa vya kroshe vya Baraka na Fizi

Katika vijitabu vya utamaduni tumezoea kusifu. Tunasifu ngoma, tunasifu vyakula vya zamani, tunasifu mikono ya mama zetu. Sifa ni njema, ila wahenga walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo leo tunataka kufanya kazi nyingine, ile ya kuhakiki, na tunaifanya juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: vitambaa vya meza, kofia na shali za watoto wachanga, mikoba ya nyuzi, na vile vifuniko vya viti vinavyofumwa kwa kroshe katika vyumba vya mafunzo hapa Baraka, kule Fizi mjini, na katika vijiji vya kando ya ziwa.

Jambo lenyewe si dogo hata kidogo. Binti aliyeacha shule anapelekwa kwenye uzi. Mama mjane anapelekwa kwenye uzi. Familia zilizokimbia vita vya 1996 na 1998, zikaishi Tanzania katika kambi kama Nyarugusu na Lugufu, zilianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, na wengi waliporudi waliambiwa vilevile: jifunze kushona, jifunze kufuma. Watu hawa wanatoa miezi ya maisha yao. Mwishoni wanapokea breve, wanapigwa picha, wanapigiwa makofi. Basi swali letu ni hili: kazi waliyojifunza ni nzuri kweli, ama tunaisifu kwa huruma tu?

Tuvitazame vitambaa vyenyewe. Kitambaa cha kawaida cha kroshe huanza katikati kwa mnyororo mdogo uliofungwa kuwa duara, kisha vitanzi huongezeka mzunguko kwa mzunguko. Kulabu ni moja na kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, tofauti na triko ambayo hubeba vitanzi vingi juu ya sindano mbili. Ndiyo maana mkono wa mfumaji huonekana wazi. Akikaza leo na kulegeza kesho, duara litajikunja kama jani lililokaushwa na jua. Akiongeza vitanzi kuliko inavyotakiwa, ukingo utafanya mawimbi. Tukigeuza kitambaa upande wa nyuma, tunaona mara nyingi ncha za uzi zimekatwa karibu na fundo bila kufichwa ndani ya mishono. Kitambaa cha namna hiyo kikifuliwa mara tatu, kinafumuka. Kosa la namna hii tumeliona juu ya kazi zilizopewa alama nzuri.

Hilo ni kosa la mkono. Lipo na kosa la matumizi. Kitambaa cheupe cha nyuzi laini, kimetiwa wanga kikasimama, kinawekwa juu ya meza katika nyumba yenye vumbi la barabara, watoto wanane, na maji ya kuchotwa mbali. Mama mwenye nyumba anakitoa siku ya mgeni, halafu anakirudisha katika sanduku. Kitambaa hakifanyi kazi yoyote ndani ya nyumba. Mtu akinunua kimoja, hahitaji cha pili mpaka binti yake aolewe. Na wafumaji ishirini waliotoka chumba kimoja cha mafunzo wanauza kitambaa kilekile, katika soko lilelile, wiki ileile. Kumbe wanashindana wao kwa wao.

Kosa la tatu ni la wazo. Mifano inayonakiliwa ni mua waridi, moyo, na yule ndege mweupe wa shingo ndefu wa madimbwi ya Ulaya. Ndege huyo hayuko kwetu. Aliyeko ni tai mla samaki, mwenye kichwa cheupe, ambaye kila mvuvi anajua sauti yake. Hatujamwona bado juu ya kitambaa hata kimoja.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kroshe ni mbaya kwa kuwa ilitoka ng'ambo. Tungesema hivyo, tungelazimika kuvua na vitenge vyetu. Kitenge tunachokiita cha kwetu kina asili yake katika batiki ya Java, kikachapwa viwandani na Waholanzi. Kampuni ya Vlisco ilianza mwaka 1846. Lakini kilipofika Afrika kilikutana na wanawake wa soko wasiokuwa na huruma. Walichagua, walikataa, na kila mchoro walioupenda waliupa jina. Mchoro usiopata jina ulibaki juu ya rafu. Kwa kuhukumu hivyo, wanawake walikifanya kitenge kuwa chao.

Karibu nasi zaidi kuna kofia za Bwami. Wabembe na ndugu zao Warega walisuka kofia hizo kwa nyuzi za mimea, wakashonea juu yake kauri, shanga, na hata vifungo vya nguo vilivyoletwa na wafanyabiashara. Kauri hazikutoka katika ziwa letu, na vifungo vilitoka viwanda vya mbali. Hakuna aliyeona haya kuvitumia. Ila kofia haikuvaliwa ovyo: ilikuwa na daraja lake, na wazee wenye daraja walijua ipi imestahili na ipi haikustahili. Serikali ya Wabelgiji ilipopiga Bwami marufuku mwaka 1948, haikuzuia sherehe tu. Iliwanyima watu waliozoea kutazama kazi ya mkono na kusema: hii ndiyo, ile siyo.

Tena Warega wa Mwenga na Shabunda wana ile kamba wanayoiita mutanga. Juu yake hutundikwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kinakumbusha mithali. Anayejua anashika kitu, anataja mithali, na wengine wanajibu. Hapo uzi ulibeba mawazo ya watu kama vile daftari linavyobeba ya mwanafunzi. Tunapoambiwa leo kwamba kazi ya uzi ni ya wale walioshindwa shule, tunapaswa kukumbuka kamba hiyo.

Basi, dharau hii ilitoka wapi? Sehemu yake tunaiona katika mafunzo ya wanawake ya wakati wa ukoloni, katika nyumba zilizoitwa foyer social. Ile ya Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, jirani yetu wa ziwani, ilifanya kazi kuanzia 1946 hadi uhuru ulipokaribia. Kushona, triko, upishi na usafi wa nyumba vilifundishwa pamoja. Lengo lilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani wa namna fulani. Kitambaa kilikuwa ushahidi kwamba mama ametulia. Haikuulizwa kama kitambaa chenyewe ni kazi kubwa au ndogo. Wakoloni walikwenda, kipimo kikabaki. Hata leo mgeni anapotembelea chumba cha mafunzo, anasema «felisitasio!» mbele ya kila meza, bila kugeuza kitambaa hata kimoja aone upande wa nyuma. Anasifu utulivu wa akina mama. Kazi hajaiona.

Sasa tulinganishe na kazi nyingine ya uzi iliyo mbele ya macho yetu kila siku, lakini ambayo hakuna mradi unaoiita sanaa. Tunasema wavu. Mji wetu umekaa kwenye ghuba ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Burton, na tangu zamani watu wa hapa wanaishi kwa ndagala na mukeke. Kabla ya nailoni, wavu ulifumwa kwa nyuzi za mimea. Lusenga, wavu ule wa mpini mrefu wa kuchotea ndagala usiku kwa mwanga wa moto, ulitaka tundu dogo lililo sawa kila mahali. Fundi wa nyavu ana sindano yake iliyojaa uzi na kibao chake cha kupimia tundu. Kila fundo linakazwa sawasawa, vinginevyo linateleza. Hahitaji breve, kwa sababu ana mwamuzi asiyejua huruma: samaki. Tundu likizidi, samaki anapita. Fundo likilegea, wavu unapasuka usiku huohuo, na mwenye mtumbwi anarudi asubuhi mlangoni pa fundi.

Na pale mwamuzi anapoondolewa, tunaona matokeo. Kando ya Ziwa Tanganyika watu wengine wameshona vyandarua vya mbu kuwa nyavu. Tundu la chandarua halichagui: linabeba mayai, linabeba vitoto, linabeba kila kitu. Hapo hakuna fundi aliyepima kitu, na hasara ni yetu sisi sote.

Funzo tunalolipata ni kwamba kazi ya mkono hukua pale anapokuwepo mtu, au kitu, chenye haki ya kuikataa. Mkeka una mwamuzi wake, ni mgongo wa anayelala. Kitunga kina mwamuzi wake, ni unga wa muhogo ambao haupaswi kumwagika njiani. Kroshe yetu peke yake ndiyo iliyoachwa bila mwamuzi, na kwa hiyo imebaki pale ilipoanzia.

Kuna watakaotujibu: «Mwalimu, ninyi mnaongea tu. Uzi ni wa bei, unatoka mbali, na mteja hana pesa.» Ni kweli, na hatulifichi. Lakini ni sababu mojawapo ya kuwa wakali zaidi. Uzi ukiwa ghali, kuupoteza juu ya kitambaa kitakachofumuka ni dhambi mara mbili. Tena kroshe ina nguvu ambayo watu wengi hawaijui: mpaka leo ni kazi ya mkono. Vitu vingi vya kiwandani vinavyofanana nayo ni triko ya mashine. Mama wa Baraka, kwa kulabu moja, anafanya kitu ambacho kiwanda hakijakiweza. Ni hasara kubwa kumwacha atumie uwezo huo kunakili waridi la kitabu cha zamani.

Tunapendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji mfadhili. La kwanza: katika mtihani wa mwisho wa kila chumba cha mafunzo, juri lisiwe la walimu na wageni tu. Aketi pale fundi mmoja wa nyavu, bibi mmoja anayesuka mikeka, na mama mmoja muuzaji wa soko. Wa kwanza atavuta fundo, wa pili ataangalia ukingo, wa tatu atasema bei bila haya. La pili: kila kazi ionyeshwe upande wa nyuma kwanza. La tatu: kila mwanafunzi, pamoja na kitambaa alichonakili, alete kazi moja ambayo hakuna mwingine darasani amefanya, na aeleze ni ya nani na ya kazi gani: mkoba wa kubebea ndagala wakavu unaopitisha hewa, kamba ya kumfunga mtoto mgongoni isiyokata bega, au kofia yenye mchoro uliochukuliwa kutoka kwenye mkeka wa nyanya yake.

Mafundi hao bado wapo. Wengine wako Ubwari, wengine Mboko, wengine Kazimia, na wengi wao ni wazee. Vita viliwatawanya mara moja, na umri hautasubiri kikao cha pili. Walimu wenzetu wa kushona na kukata, ninyi mlio na vyumba, viti na wanafunzi, waiteni wakae upande wa juri. Wakikikataa kitambaa mbele ya aliyekifuma, asionewe huruma. Apewe uzi, afumue, aanze tena.