Kadi ya Mchango

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nina kazi ya dakika tano tu, nasubiri hapa hapa.”

Mama akatoa kwenye pochi daftari la shule lililokunjwa katikati, akaliweka juu ya meza ya dizaina. Ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, chumba cha kompyuta mbili na feni moja, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikisubiri vipeperushi vyangu. Kwenye daftari alikuwa ameandika kila alichotaka kionekane kwenye kadi ya mchango ya harusi ya binti yake: majina ya wazazi wa pande zote mbili, majina ya maharusi, tarehe, ukumbi, kiwango cha mtu mmoja na cha wawili, mstari wa Biblia, na namba tano za simu.

Dizaina, binti wa miaka ishirini na kitu, hakugusa kompyuta. Alilisoma daftari mara mbili, kisha akauliza, “Mama, mtu akiipokea hii kadi unataka afanye nini?”

“Achange.”

“Amtumie nani?”

“Mhazini.”

“Na hizi namba nyingine nne?”

Mama akafikiri kidogo. “Za wanakamati. Nisipoziweka watanuna.”

Kazi ilikuwa imeshaanza, na mimi sikuwa nimeitambua. Wengi wetu tukiona rangi, maua na herufi za mikunjo, tunasema dizaina ni mtu wa mapambo. Nilichokishuhudia siku ile ni mtu anayesoma kwa niaba ya mamia ya watu asiowajua, akijiuliza jicho lao litatua wapi kwanza, litakwama wapi, litachoka wapi. Maua yalikuja mwisho, tena machache.

Namba ya mhazini aliitenga na zile nyingine, akaikuza, akaigawa mafungu matatu: tarakimu nne, tatu, tatu. Tarakimu 10 zilizoshikana humpoteza hata kijana, sembuse mjomba anayezinakili kwenye simu huku daladala inayumba. Ile fonti ya mikia ambayo mama aliipenda kwa majina ya maharusi, binti aliikataa kwenye namba kwa sababu 1 yake ilifanana na 7. Chini ya namba akaandika jina kama lilivyosajiliwa kwenye laini. Anayetuma pesa kwa simu huletewa jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, na jina hilo halimfai kitu kama kwenye kadi hakuna la kulilinganisha nalo. Namba za wanakamati zilibaki pale chini, ndogo lakini zinasomeka, na hapakuwa na wa kununa.

Kisha akahamia kwenye majina, na hapo nilisogeza kiti changu karibu bila kuombwa. Jina la bibi harusi lilianza na T ikifuatwa na a. T ina mkono uliotanda juu, na chini ya mkono huo ni patupu. A ikiwekwa kwa nafasi ileile ya herufi nyingine, inaonekana kama imeachwa nyuma na wenzake. Fonti nzuri huja na marekebisho hayo tayari, ila hizi za mapambo mara nyingi hazinayo. Binti akaisukuma a kidogo kidogo mpaka ikaingia chini ya mkono wa T, akaegemea nyuma, akafumba macho nusu, akairudisha nje kwa unene wa unywele. Akafanya vivyo hivyo kwa jina la ukoo la Kisukuma linaloanza na Ng', maana alama ile ya juu ilikuwa imeacha pengo na jina likasomeka kama maneno mawili. Neno “tunakukaribisha” programu ililikata kwa kanuni za Kiingereza, ikaacha k bila irabu yake mwishoni mwa mstari. Hakuna silabi ya neno hilo inayoishia na k. Akalikata upya kwa mkono.

Kompyuta ilikuwa imepima sawa kila mahali, na kila mahali hapo jicho lilikataa. Ujuzi huu una umri mkubwa kuliko kompyuta zote. Wachongaji wa zamani wa herufi za uchapaji walikwishajua kwamba o inapaswa kuzidi mstari kidogo, juu na chini, kwa kuwa ikilingana na x kwa rula itaonekana imedumaa.

Mama alitaka kila kitu kwa herufi kubwa ili wazee wasome. Nilifurahi kusikia binti akimkatalia kwa adabu, kwa sababu hoja yake ina historia nzuri. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni alama za barabara kuu mpya za Uingereza, zilizojaribiwa kwanza kwenye barabara ya Preston iliyofunguliwa Desemba 1958, majina ya miji waliyaanza kwa herufi kubwa na kuyaendeleza kwa ndogo. Neno la herufi ndogo lina umbo lake, lina vilima na mabonde, na hoja yao ilikuwa kwamba dereva hulitambua akiwa bado mbali. La herufi kubwa tupu ni kama tofali.

Rangi ilileta mvutano. Mama alionyesha kwenye simu bluu inayong'aa, na bluu ile kwa kweli ni mwanga. Karatasi ina wino wa siani, majenta, njano na mweusi tu, na wino hauwaki. Binti akafungua kitabu cha sampuli, wakachagua pamoja bluu iliyokwishalala kwenye karatasi.

“Na hapa mbona pamebaki patupu? Weka hata njiwa wawili.”

Hakubishana. Akachapa kadi mbili, moja ina njiwa, nyingine haina, akazisimamisha dirishani, akamwomba mama avue miwani na aseme namba ya mhazini iko wapi. Kwenye ile ya njiwa kidole cha mama kilitangatanga. Kwenye ya pili kilikwenda moja kwa moja.

Bei ilipotajwa, mama alishtuka kidogo, kwa maana alihesabu karatasi. Si yeye peke yake aliyewahi kuithamini kazi hii kwa bei ndogo. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi wa chuo huko Portland, alilipwa dola 35 kwa nembo ya Nike. Lakini mama alikuwa ameketi pale kwa muda wa karibu saa tatu, ameona, na alilipa bila kuomba apunguziwe.

Binti akakata kadi ya majaribio. Alikuwa ameiacha bluu ivuke ukingo kwa milimita 3, ili kisu kikiteleza pasitokee uzi mweupe. Nilidhani amemaliza. Akachukua simu yake, akaishika kadi kwa umbali wa mkono, na bila kuangalia daftari akabonyeza namba moja moja kama ilivyochapwa. Ikaita mara tatu.

“Haloo,” sauti ya mzee ikajibu. “Naam, mhazini hapa.”