Usalama, Kiwango na Data Huria: Uhakiki wa Istilahi za Utalii

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ili zisanifiwe, ilikuwamo rasimu ya tafsiri ya mwongozo unaowafundisha maofisa wa utalii namna ya kupima usalama wa mahali wanapofikia wageni, kwa kutumia data zinazotolewa kwa umma na serikali mbalimbali. Mfasiri wake ni hodari. Sentensi zake zimenyooka, wala hakukimbilia kutohoa pale ambapo Kiswahili kina neno lake. Hata hivyo, tulipofika katikati ya rasimu tulikutana na sentensi hii: "Kiwango cha uhalifu kimeongezeka, lakini kiwango cha usalama kimebaki kiwango cha 2." Tuliisoma mara tatu. Kila neno lililomo ni la Kiswahili sanifu, na sarufi yake haina ila. Lakini msomaji asiyekuwa na matini ya asili mbele yake hawezi kujua ni kitu gani kilichoongezeka, wala kimepimwa kwa kipimo gani.

Katika uwanja huu neno likikosewa halibaki kitabuni. Kwa maneno hayo mgeni huamua kusafiri au kuahirisha, mwenye hoteli huamua kuajiri au kupunguza watu, na mwenye mashua hupata au hukosa riziki ya siku. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuzihakiki istilahi nne za rasimu hiyo hadharani, maana makosa yake ni yetu sote.

(a) Data huria

Rasimu yatumia "takwimu za wazi". Tuna mashaka mawili. Kwanza, takwimu ni hesabu zilizokwisha kukusanywa na kupangwa, ambapo data ni malighafi yake. Mji wa Chicago, kwa mfano, hutoa orodha ya matukio ya jinai yaliyoripotiwa tangu mwaka 2001, kila tukio na mstari wake, isipokuwa yale ya siku saba za mwisho. Orodha hiyo ni data. Takwimu ni kile anachokipata ofisa baada ya kuihesabu.

Pili, jambo lililo wazi laonekana, lakini si kila kinachoonekana kinaruhusiwa kuchukuliwa. Data zinazozungumzwa hapa ni zile ambazo mtu yeyote anayo ruhusa ya kuzitumia, kuzichanganya na nyingine, na kuzitoa upya. Maana hiyo ya ruhusa yachukuliwa vizuri zaidi na neno "huria", ambalo limekwisha kuzoeleka: tunalo soko huria, na kwa sheria ya mwaka 1992 tulipata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Twapendekeza "data huria".

(b) Usalama

Kiingereza kina maneno mawili ambayo aghalabu hutengwa: moja la kuepukana na ajali na madhara yasiyokusudiwa, jingine la kuepukana na madhara ya mtu mwenye nia mbaya. Kiswahili chatumia "usalama" kwa yote mawili. Usalama barabarani wahusu ajali. Usalama wa taifa wahusu adui. Hatuoni kuwa huu ni upungufu wa lugha. Kosa ni kuliacha neno hilo limesimama peke yake mahali panapohitaji ufafanuzi.

Rasimu yasema kwamba ufuko fulani "una usalama mkubwa" kwa kuwa wizi ni haba. Juu ya mikondo ya bahari haisemi neno. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, hutangaza vifo vya raia wake nchi za ng'ambo visivyotokana na maradhi au uzee, na kuzitenga sababu zake: ajali za magari, kuzama majini, kuuawa, na kadhalika. Mtu akilisoma jedwali la namna hiyo hawezi kusahau kwamba mgeni aweza kupoteza maisha mahali pasipokuwa na mwizi hata mmoja. Hapana budi basi mfasiri akamilishe: "usalama dhidi ya ajali", "usalama dhidi ya uhalifu". Wataalamu wa chakula wametutangulia katika njia hii, maana husema "usalama wa chakula" wakimaanisha kisimdhuru mlaji, na "uhakika wa chakula" wakimaanisha kipatikane.

(c) Kiwango

Neno hili ndilo lililotuchosha kuliko yote. Katika rasimu lina kazi tatu: idadi ya matukio ikilinganishwa na idadi ya watu, ngazi ya tahadhari iliyotangazwa na serikali, na ubora wa huduma. Tangu Januari 2018 Marekani huziweka nchi katika ngazi nne, kuanzia 1, ambayo ni tahadhari ya kawaida, hadi 4, ambayo ni kumtaka msafiri asiende. Ngazi hizo huamuliwa na watu baada ya kupima mambo mengi, kama vile uhalifu, ugaidi, ghasia na afya. Hazitokani na hesabu moja ya kugawanya. Twashauri ziitwe "daraja la tahadhari", na "kiwango" kibakie kwenye ubora.

Kwa ule ulinganisho wa matukio na watu, twapendekeza "uwiano", tena utajwe pamoja na watu waliohesabiwa. Walimu wa hisabati watatuelewa tukisema kwamba hila yote imo katika asili ya sehemu, yaani namba ya chini. Eneo la London liitwalo City of London lilikuwa na wakazi wapatao 8,600 katika sensa ya mwaka 2021, ilhali wafanyao kazi humo ni zaidi ya 500,000, mbali na watalii. Ukigawanya matukio yote kwa wakazi hao wachache, utapata jibu la kutisha ambalo halimhusu mtu yeyote apitaye hapo. Mji wowote wenye wageni wengi na wenyeji wachache waweza kusingiziwa hivyo hivyo.

(d) Tukio lililoripotiwa

Mahali pote ambapo matini ya asili yasema matukio yaliyoripotiwa, rasimu imeandika "uhalifu" tu. Polisi huandika kilichowafikia. Mgeni aliyeibiwa siku ya mwisho huenda akapanda ndege bila kusema. Mwingine huripoti kwa sababu bima yake yadai hati ya polisi. Idadi kubwa yaweza kuwa dalili ya wezi wengi, nayo yaweza kuwa dalili ya watu wanaowaamini polisi wao. Tena, data huria za polisi wa Uingereza na Wales hazionyeshi mahali hasa pa tukio. Kila tukio husogezwa hadi nukta ya karibu iliyowekwa kwenye ramani, ili aliyedhurika asitambulike. Kwa hiyo mfasiri aandike "karibu na", asiandike "katika".

Mipaka ya mahali yadai uangalifu huo huo. Mwezi wa Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende bila sababu ya lazima katika kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka ufukoni, tangu hori ya Mtwapa hadi Tiwi. Diani na uwanja wa ndege wa Moi havikuwamo. Hata hivyo kampuni za utalii ziliwaondoa wateja wao, na hoteli za Diani nazo zikaguswa. Hatudai kwamba neno la Kiswahili lingaliizuia hasara hiyo. Twasema tu kwamba mfasiri aandikaye "Pwani ya Kenya" mahali pa mipaka hiyo huwaongeza katika hatari watu ambao serikali yenyewe haikuwataja.

Huenda tukaambiwa kwamba istilahi tulizozipendekeza ni ndefu, na kwamba ofisa mwenye haraka hatazitumia. Ni kweli ni ndefu kuliko "kiwango". Lakini istilahi husifiwa kwa ufupi wake pale tu inapokwisha kubainisha, na neno moja linalobeba maana tatu katika sentensi moja halijabainisha kitu. Sentensi tuliyoanza nayo sasa yaweza kuandikwa hivi: "Matukio ya jinai yaliyoripotiwa kwa kila wakazi 1,000 yameongezeka, lakini daraja la tahadhari limebaki la 2." Imeongezeka maneno machache, na msomaji wake aweza kuuliza maswali yapasayo: wakazi gani, yameripotiwa kwa nani, na daraja limetolewa na serikali ipi.

Mapendekezo haya si hukumu. Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu katika kazi zao, kisha watuletee maoni, hasa pale watakapoona kwamba watu wa hotelini, bandarini na kwenye vituo vya polisi tayari wanalo neno bora kuliko letu.