Namba Ndogo Ndiyo Inayopinda Kona

Ukipanda matatu Sagana kuelekea Karatina, kuna kona ambazo abiria wote huegemea upande mmoja bila kuambiwa. Tuzipigie hesabu.

Tuseme matatu ya abiria 14 imejaa na ina kilo 3,000. Inakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Huo ndio ukomo wa vidhibiti mwendo vya kanuni za aliyekuwa waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kona tuipe nusukipenyo cha mita 100. Momenta ya mzunguko ni uzani mara mwendo mara nusukipenyo: karibu milioni 6.7. Wanafunzi wengi huweka kalamu chini hapo.

Wasiiweke. Namba hiyo haikuzaliwa konani. Matatu ikiwa bado kwenye barabara iliyonyooka, mstari wa mwendo wake ulipita mita 100 kutoka kitovu cha kona, kwa hiyo milioni 6.7 zilikuwapo tangu huko. Ndani ya kona, tairi zinaivuta kuelekea kitovuni, na nguvu inayoelekea kitovuni haiongezi wala haipunguzi momenta hiyo.

Kinachozaliwa konani ni kugeuka kwa gari lenyewe. Tukilichukulia kama sanduku la mita 4.7 kwa 1.7, ugumu wake wa kuzungushwa ni kama 6,200. Mara radiani 0.22 kwa sekunde, yaani mwendo ukigawanywa kwa nusukipenyo, tunapata 1,400 hivi. Ni ndogo mno kando ya zile milioni, lakini hii ndiyo ninayoihofia, kwa sababu lazima tairi za mbele ziitengeneze papo hapo. Dereva akikata usukani kwa nusu sekunde, anazidai nyutoni-mita 2,800. Akianza mapema na kuukata taratibu kwa sekunde mbili, 700 zinatosha. Na tairi hizohizo, pamoja na za nyuma, tayari zinagawana nyutoni 14,800 za kulizuia gari lisitoke barabarani, karibu nusu ya uzito wake wote. Lami ikilowa na tairi zikiwa vipara, hazimudu yote mawili.

Halafu kuna mizigo ya soko la Karatina. Gunia la viazi la kilo 100 likisukumwa nyuma kabisa, mita 2 kutoka katikati ya gari, linaongeza 400 kwenye ule ugumu wa kuzungushwa. Likipandishwa kwenye keria, linainua kitovu cha uzito na kulikaribisha gari kupinduka.

Punguza mwendo hadi kilomita 60, na zile nyutoni 14,800 zinabaki 8,300.